Bodi ya kabla ya vita, miguu ya baada ya vita: kisa cha 4498 ya jamaa yangu

Jamaa yangu alinipigia usiku mnene kuniambia kapata 4498. Hakusema kapata treni, hakusema kapata Hornby, alisema tu "kaka nimeipata 4498" halafu akanyamaza akisubiri nipige kelele, na mimi kweli nikapiga kelele, kisha nikamuuliza imesimamaje ukiiangalia kwa ubavu na hapo ndipo akaanza kukasirika.

Kwa ambao hawapo kwenye hii michezo ya treni ndogo za zamani nieleze kidogo maana bila hivyo kisa hakieleweki. Hornby Dublo ni treni zilizotoka kwa Meccano Ltd ya Liverpool, kampuni ya Frank Hornby, ingawa mzee mwenyewe alikufa 1936 na Dublo zikaingia sokoni 1938. Kabla ya hapo Hornby walikuwa wanatengeneza zile kubwa za geji O, reli zimeachana mm 32, zinahitaji chumba kizima. Dublo ikaja na mm 16.5, karibu nusu yake tu, unatandika mezani unacheza, halafu ile ya umeme ilikuwa ya volti 12 DC na reli ya tatu katikati. Mwanzoni kulikuwa na vichwa viwili tu, kimoja kidogo cha tanki chenye mpangilio wa magurudumu 0-6-2 kilichotoka kwa rangi za kampuni nne za reli za Uingereza wakati ule, na kingine ndio hiki, kile kirefu cha bluu chenye pua iliyolala kama kisigino cha kiatu, Sir Nigel Gresley namba 4498. Kichwa chenyewe cha ukweli kilitoka karakana ya Doncaster 1937 kikapewa jina la injinia aliyekichora.

Sasa utamu uko hapa. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia Dublo zilitengenezwa miaka michache tu, 1938 mpaka vita ilipokata uzalishaji, zikarudi mwisho wa 1947. Na waliporudi, kichwa hiki hakikuwa kilekile. Kile cha kabla ya vita kina namba 4498 na kina sketi, yaani ule ukuta wa pembeni unaoshuka kufunika magurudumu. Cha baada ya vita kina namba 7 na sketi haipo, magurudumu yako wazi, kwasababu hata treni za kweli zilikatwa sketi wakati wa vita ili mafundi wafikie mitambo bila kuhangaika, na baada ya vita namba zikabadilishwa pia. Kwa hiyo mtu akikuambia ana 4498 yenye sketi, anakuambia ana kitu kilichopona vita. Ndio maana nilipiga kelele.

Na ndio maana niliuliza imesimamaje kwa ubavu. Vitu vya chuma cha kumimina vya miaka ile vina ugonjwa, nitaufikia.

Mzigo ulikuwa wa mnada wa mtandaoni, anayeuza ni mtoto wa marehemu, anasafisha nyumba ya baba yake. Kwenye maelezo aliandika ya kabla ya vita, orijino kabisa, haijaguswa, imekaa kabatini miaka yote. Picha sita. Kichwa kimepigwa picha kwa mbele kidogo na juu, kikiwa ndani ya boksi, na mabehewa mawili yale ya bati yaliyoungana, na reli kadhaa, na kontrola. Hakuna picha ya tumboni, hakuna ya ubavu ulionyooka. Nilimwambia jamaa yangu omba picha mbili, moja kwa chini na moja kwa ubavu ikiwa imewekwa rula kwenye sketi. Akasema mnada ulishafungwa, ameshalipa, mzigo uko njiani. Basi.

Ulipofika hakuniita. Hapa nisimlaumu sana maana hata mimi ningefanya hivyohivyo, unakuwa na kitu kama hicho mezani unashindwa kumsubiri mtu. Akaunga reli, akaipuuza ile kontrola ya zamani (hapo alinifurahisha, transfoma za umri huo ganda la waya limeshakauka linamomonyoka ukilikunja tu, usije ukachomeka kwenye ukuta ati unajaribu), akatumia kontrola mpya ya kisasa, akafungulia. Treni ikaenda nusu duara, ikaanza kulia kwiiii, ikapunguza mwendo, ikasimama. Akaongeza umeme. Ikatetemeka. Akaiinua, akakuta ya moto tumboni na inanuka kama pasi iliyosahauliwa.

Akanipigia sasa, sauti imeshuka. Nadharia yake ilikuwa sumaku imekufa.

Na sio nadharia mbaya. Mota za Dublo za mwanzo zina sumaku kubwa ya umbo la U, na hizo kwa miaka zinachoka, na ukiitoa sumaku kwenye mota bila kuiwekea kipande cha chuma cha kufunga midomo yake inapoteza nguvu hapohapo. Sumaku ikiwa dhaifu mota inakula ampea nyingi, inapata moto, na inakosa nguvu ya kuvuta. Dalili zinafanana kabisa na alizoziona. Dawa yake ipo, kuna watu wana mashine za koili wanaichaji sumaku upya inarudi kama mpya. Jamaa yangu alikuwa ameshashika bisibisi aichomoe sumaku apeleke ikachajiwe, nikamwambia weka chini hiyo bisibisi nakuja.

Nilifika, nikaigeuza tumbo juu kwenye taulo. Haikuchukua dakika. Hakukuwa na sumaku ya umbo la U.

Kulikuwa na kile kipande kifupi kinene cha alniko, aloi ya sumaku yenye nguvu, ambacho Dublo walianza kukitumia miaka ya hamsini. Nikamwonyesha. Akasema labda mtu alibadilisha sumaku. Nikamwambia angalia, hii sumaku haiingii kwenye chasisi ya zamani (ile fremu ya chini yenye magurudumu na mota), chasisi nzima ni ya zama nyingine, hii sio sumaku iliyobadilishwa, hii ni treni iliyobadilishwa miguu. Akakaa kimya. Nikaendelea kuangalia na kusema ukweli nilikuwa naona raha, jambo ambalo sio zuri mbele ya mtu aliyelipa.

Tenda, kile kigari cha makaa kinachofuata nyuma ya kichwa, kilikuwa na ndoano bapa ya kizamani, ule utepe mwembamba wa chuma cha springi. Hiyo ni ya kabla ya vita, maana 1947 waliporudi walihamia kwenye ndoano za Peco. Kwa hiyo tenda ni sawa na bodi, lile ganda la juu la kichwa, chasisi ndio mgeni. Mabehewa nayo sawa, ndoano bapa. Halafu chini kabisa ya boksi kulikuwa na karatasi ya maelekezo ya kutia mafuta, imekunjwa mara nne. Meccano walikuwa na mtindo wa kuchapa namba ndogo chini ya karatasi zao, namba tatu zimetenganishwa na mikwaju, ya katikati ndio mwezi na mwaka. Ya hii katikati ilikuwa 1147. Yaani mwezi wa 11, 1947. Karatasi ya baada ya vita ndani ya boksi la kabla ya vita.

Kwa hiyo ile haijaguswa imeshakufa. Imeguswa angalau mara mbili.

Tukaichukua bodi. Unalegeza skrubu, unanyanyua taratibu, hauvuti. Nataka nikae hapa kidogo kwasababu ndio kiini cha kisa. Rangi kwa nje ni nzuri ajabu, bluu imeiva, mistari ipo, LNER, jina la kampuni ya reli ya kichwa cha ukweli, kwenye tenda inasomeka, 4498 kwenye kibanda cha dereva inasomeka. Mtu wa kugredi angeipa alama nzuri tu. Chama cha TCA cha Marekani, kile cha wakusanyaji kilichoanzishwa 1954, kina skeli ya 1 mpaka 10 inayotumika sana, na kwa rangi peke yake hii ilikuwa inagonga juu ya 7. Lakini ukaiweka juu ya kioo na rula ya chuma pembeni ya sketi, katikati unaona mwanga. Imepinda. Ncha zote mbili zinagusa, katikati imenyanyuka, kama ndizi iliyogeuzwa, na upenyo unakaribia milimita. Halafu ukaangaza tochi kwa kulala, sio kwa juu, tochi ilale sambamba na bodi, ndipo unaona chini ya rangi ile nzuri kuna vijistari vyembamba kama nyufa za udongo mkavu, vimejaa karibu na pua na kwenye kona ya kibanda. Kwa ndani ambako hakuna rangi ya kuficha kitu ndio balaa, kuna ufa unaoingia kucha, na kingo zake zimefura, na kuna unga wa kijivu.

Huo ndio ugonjwa. Wajerumani wanauita Zinkpest, tauni ya zinki. Bodi hizi zimemiminwa kwa aloi ya zinki, Uingereza inajulikana kama Mazak, kwingine Zamak, ilitengenezwa na New Jersey Zinc Company 1929, zinki yenye aluminiamu kama asilimia 4 hivi. Ni aloi nzuri sana kwa sharti moja, zinki iwe safi kupitiliza, asilimia 99.99. Ikiingia risasi kidogo tu, au kadmiamu, ule uchafu hauchanganyiki, unakwenda kujipanga kwenye mipaka ya chembechembe za chuma, na hapo unyevu na joto vikifika chuma kinaanza kuliwa kutoka ndani, mpaka kwa mpaka, na kinacholiwa kinageuka kitu chenye ujazo mkubwa kuliko chuma chenyewe. Ndio maana hakipungui, kinavimba. Kinarefuka, kinapinda, kinapasuka, mwisho kinavunjika mkononi kama biskuti. Na viwanda vya midoli vya enzi zile risasi ilikuwa kila mahali, Meccano walikuwa wanamimina vitu vya risasi pia, kipande kikidondokea kwenye sufuria ya zinki umeshaharibu mizigo ya siku nzima na hakuna atakayejua mpaka miaka kumi baadaye.

Mambo mawili watu wanakosea hapa. La kwanza wanadhani unaambukiza, ati ukiweka kichwa kibovu karibu na kizima kinakipatia. Hapana, chuma ama kimezaliwa nao ama hakikuzaliwa nao, kukaa pamoja hakuna neno. La pili wanadhani unatibika. Hautibiki. Unaweza kupunguza kasi kwa kuweka pakavu na joto lisilopanda na kushuka, basi. Gundi inashika vipande, haizuii chuma kuendelea kufura, na rangi mpya juu yake ni kama kupaka poda kwenye jipu.

Sasa ukishajua hivyo kila kitu kwenye hii treni kinaanza kueleweka. Mbona chasisi imebadilishwa? Kwasababu chasisi ya mwanzo nayo ilikuwa ya aloi ileile na ilivimba kwanza, na chasisi ikivimba hata robo milimita matundu ya ekseli yanahama, magurudumu yanabana, treni haitembei. Bodi inaweza kuvimba ikakaa inapendeza kabatini miaka hamsini, chasisi haina hiyo nafasi. Kwa hiyo kuna mtu, wakati fulani, treni yake iligoma, akatafuta chasisi mpya ya wakati huo akaivisha bodi ya zamani. Na haikuingia moja kwa moja. Kwenye chasisi upande wa mbele kuna alama za tupa, zimepigwa kwa mkono, mkono mzuri, mipigo mifupi ya upande mmoja, na muhimu zaidi, alama zenyewe zimefubaa zimekuwa na rangi ileile ya chuma kinachozizunguka. Tupa ya jana inang'aa. Hii ilipigwa zamani sana.

Jamaa yangu ndiye aliyeiona. Mimi nilikuwa nimeshaiweka bodi chini nahangaika na mota, yeye akawa anaizungusha na kikuza akasema humu kuna maandishi. Ndani ya kibanda, kwenye paa, mahali ambapo huwezi kuona bila kuitoa bodi, mtu alichora kwa ncha ya kitu chenye makali: 12.58. Hakuna jina hakuna chochote. Disemba 1958 kama ni tarehe, na sioni ingekuwa nini kingine, maana inaoana na ile sumaku.

Tulikaa nayo hiyo muda.

Lakini kwanza tumalize kuhusu kelele, kwasababu mota haikuwa na shida. Tuliweka chasisi peke yake juu ya reli, uchi, bila bodi, tukafungulia umeme kidogo, ikaondoka kama panya. Raundi kumi haijapata joto. Kichekesho kidogo kukiona kile kimota kinakimbia bila shati. Tukarudisha bodi, kwiiii. Kwa hiyo bodi ndio inashika kitu. Nilichukua kalamu ya maka nikapaka wino kwenye zile fito za pembeni zinazounganisha magurudumu, kushoto na kulia, tukaendesha nusu mzunguko kwa mkono tukafungua. Kulia wino umefutika mahali pamoja, alama ndogo kama punje ya mchele, na ndani ya sketi upande uleule kuna doa la wino. Sketi imeingia ndani. Ilipovimba ilitafuta pa kwenda ikaegemea ndani, na 1958 yule fundi alikuwa na nafasi ya kutosha, miaka sitini na zaidi baadaye nafasi imekwisha.

Na hapa ndipo tukagombana, kistaarabu.

Yeye akataka kupiga tupa. Kidogo tu, anasema, nusu milimita kwa ndani, haionekani kwa nje, treni inatembea, kila mtu anafurahi. Na yule fundi wa zamani si alipiga tupa pia? Nikamwambia fundi alipiga tupa kwenye chasisi, kitu kipya cha dukani wakati ule, bodi hakuigusa, angalia mwenyewe, hakuna alama hata moja kwenye bodi zaidi ya ile tarehe. Alijua kipi kina thamani. Halafu kuna sababu ya kiufundi tu, chuma kilichooza ukikipiga tupa hujui kinakatika wapi, ufa uko sentimita mbili kutoka hapo, mtetemo wa tupa unatosha kabisa kuumalizia.

Mimi nilitaka airudishe. Niseme wazi hilo, msimamo wangu wa kwanza ulikuwa rudisha mzigo chukua hela zako, maelezo yalisema orijino haijaguswa, sio kweli, kesi imeisha. Tukamwandikia muuzaji tukamweleza kwa upole na picha. Na jibu lilikuja siku hiyohiyo, hakubisha hata kidogo, akasema yeye hajui lolote kuhusu treni, baba yake hakuwahi kusema kama iliharibika au ilitengenezwa, aliandika haijaguswa kwasababu yeye hakuwahi kumwona mtu akiigusa, na kama tunataka kurudisha turudishe. Kuna watu wanaandika orijino wakijua wanachofanya, na kuna watu wanaandika orijino wakimaanisha ilikuwa hivi nilipoikuta. Huyu alikuwa wa pili. Sijui kwanini hilo lilinifanya nizidi kutaka irudishwe, labda kwasababu ilikuwa rahisi.

Kuna mwenzetu wa tatu tulimwonyesha picha, huyo alikuja na wazo la kuvunja ndoa. Chasisi ya baada ya vita itafutiwe bodi ya baada ya vita, namba 7, isiyo na sketi, watakuwa pamoja vizuri na treni itatembea. Bodi ya 4498 ipandishwe rafu peke yake, au isubiri siku itakapopatikana chasisi ya kabla ya vita iliyo nzima, waungane, na hapo utakuwa na orijino. Kwa mahesabu hilo ndilo wazo zuri kuliko yote na wakusanyaji wengi wangefanya hivyo bila kufikiri mara mbili. Lakini nikajikuta nalikataa, mimi niliyekuwa nataka irudishwe. Bodi kutoka treni moja ukiivisha chasisi ya treni nyingine, hata zote zikiwa za 1939, umetengeneza treni ambayo haikuwahi kuwepo, tofauti ni kwamba hii ya kwako haionekani. Ya 1958 inaonekana. Mtu yeyote akiigeuza anaiona sumaku anajua. Kati ya ndoa mbili mimi nachagua ile isiyojificha.

Jamaa yangu alifikiri siku mbili akamwandikia muuzaji kwamba anakaa nayo. Hakuomba hata apunguziwe. Nilimwambia hapo umekosea na mpaka leo nasema alikosea, ungeomba, mtu alikuwa tayari kurudisha hela zote, lakini hela ni zake.

Basi tukafanya mambo machache. Tuliitoa bodi tena, tukapangusa ule unga wa kijivu kwa brashi laini kavu, hakuna maji hakuna mafuta ya kupenyeza, kila unachomimina kwenye ufa kinakaa humo. Mota ikapata tone moja la mafuta kila upande wa shafti. Bodi ikarudishwa, skrubu ikakazwa mpaka inagusa basi, maana ukiikaza unalazimisha kitu kilichopinda kinyooke na kitapasuka. Boksi lake la zamani likawekwa pembeni, kadibodi ya umri huo huwa na asidi na inavuta unyevu, kichwa chenyewe kinalala kwenye boksi jipya lenye karatasi isiyo na asidi na kale kamfuko ka chembe za kunyonya unyevu, kabati la chumba wanachokaa watu, sio darini ambako jua linapika mchana na usiku kunapoa. Treni haitembei tena. Akitaka kuona kitu kinatembea anaitoa bodi anaendesha chasisi uchi, na ameshanionyesha hiyo burudani mara nyingi kuliko nilivyohitaji.

Na tukaandika kadi. Hiyo nililazimisha mimi. Kadi ngumu, kalamu ya risasi maana wino hufifia, inakaa ndani ya boksi siku zote: "Bodi na tenda kabla ya vita, 4498. Chasisi baada ya vita, sumaku ya alniko, imewekwa zamani, tazama alama ndani ya paa la kibanda. Bodi ina uozo wa zinki, imepinda, usikaze skrubu, usiendeshe. Karatasi ya mafuta ni ya 1947, haikuja na seti." Jamaa yangu alinung'unika kwamba nimemshushia mali yake kwa maandishi. Nikamuuliza atakayeikuta hii baada yako utakuwepo umwambie? Yule mtoto wa marehemu angekuwa na kadi kama hii asingeandika haijaguswa.

Kitu cha mwisho alianzisha mwenyewe, sikumwambia. Alinunua kaliperi ya dijitali, akachagua pointi mbili kwenye bodi, mwisho wa pua na ukingo wa nyuma wa kibanda, akawa anapima kila baada ya miezi mitatu, chumba kikiwa na joto lilelile maana chuma kikiwa na joto kinatanuka chenyewe ukadhani ni ugonjwa. Anaandika nyuma ya ile kadi. Kipimo cha pili kilikuwa kimezidi cha kwanza kwa mm 0.1 akanipigia usiku tena, nikamwambia pima mara tano utoe wastani maana mkono wako nao unahesabika, akapima, ikabaki ileile 0.1. Cha tatu hakikusogea. Cha nne hakikusogea pia, ila upenyo wa katikati chini ya rula anaona umeongezeka kidogo, na mimi nikiangalia siuoni. Ameagiza geji za kupimia upenyo, zile za vibati vyembamba, ili tuache kubishana kwa macho.

Wiki iliyopita kuna mtu alimtafuta anataka kununua bodi tu, ana chasisi ya kabla ya vita iliyo nzima, anasema amehangaika nayo miaka. Chasisi nzima ya kabla ya vita. Jamaa yangu alinitumia huo ujumbe bila neno lolote, na mimi sijamjibu mpaka sasa.